Thobias Kasiani Kobelo, Fundi Aliyegoma Kuuza

Wazee wetu, shikamooni. Baba Paroko, ndugu, majirani wa Mwembesongo, na ninyi mliopanda kutoka Mkuyuni na matope haya, poleni na asanteni. Mimi ni Zawadi, mtoto wa kwanza wa Chausiku, dada yake marehemu. Nimepewa kazi ya kusoma wasifu huu kwa sababu mimi ni mwalimu na nina sauti, ndivyo walivyosema. Ukweli ni kwamba wengine wote wanalia. Nami nitalia, ila nikishamaliza kusoma.

Tangu Jumanne simu yangu haijapumzika. Mtu anaanza na pole, anashusha pumzi, kisha anauliza: "Na makaushio, Mwalimu? Itakuwaje?" Hata jana kwenye kuchimba kaburi nimeulizwa na mtu ameshika sepetu. Jamani, nitajibu. Hamtaondoka hapa bila jibu. Lakini mtu hasimuliwi kuanzia mwisho, kwa hiyo nivumilieni, na watani wetu mnyamaze kidogo. Zamu yenu ipo, na tunajua mmejiandaa.

Marehemu Thobias Kasiani Kobelo alizaliwa tarehe 14 Novemba 1958 katika kitongoji hiki tulimosimama, juu ya Mkuyuni, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kasiani Kobelo na Bibi Yustina. Bibi alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo makopa ya muhogo yalikuwa yameanikwa uani, na mvua ikashuka kutoka mlimani bila taarifa, kama kawaida yake. Wanawake waliokuwa wanamsaidia kujifungua wakasita mlangoni, hawajui washike lipi. Bibi akawafokea kutoka kitandani: "Anueni kwanza! Huyu mtoto haendi popote." Kwa hiyo marehemu alipokelewa duniani na watu walioloa chapachapa, wananuka muhogo. Mama yangu alikuwa mdogo sana siku hiyo, lakini anaapa anakumbuka, na leo si siku ya kumbishia.

Alisoma Shule ya Msingi Mkuyuni kuanzia mwaka 1966 hadi 1972. Hakuwa mwanafunzi wa kupigiwa makofi, na sitampamba kwa uongo kwa sababu waliosoma naye wapo hapa na wameshaanza kucheka. Hesabu alizimudu, imla ilimshinda mpaka anakufa. Alichokipenda ni bati. Kopo la maziwa, debe la mafuta, kipande cha mfereji uliooza, chochote kilichokubali kukunjwa alikikunja. Mwaka 1974 akajiunga na chuo cha ufundi mjini Morogoro, akasomea uchomeleaji na uundaji wa vitu vya bati, akahitimu 1976. Mwaka uliofuata aliajiriwa kwenye karakana ya matengenezo ya kiwanda kimoja cha mjini. Huko alikutana na Abeid, kijana wa Mwembesongo, wakashikamana mpaka Jumanne iliyopita. Abeid ni yule pale mbele mwenye kofia, anayekataa kiti tangu asubuhi. Mzee Abeid, kaa basi.

Kwa kawaida wasifu humaliza habari za kazi ndipo ufike kwenye ndoa. Mimi naugeuza, na mjane wake, Mama Rose, ameniruhusu, kwa sababu bila ndoa hii hamtaielewa kazi yenyewe. Mwaka 1984 marehemu alitumwa Mgeta kufunga mifereji kwenye ghala la mboga. Akamwona msichana, ndiye huyu Rose, anapika kwa mafiga, macho mekundu kwa moshi. Wiki iliyofuata akapanda tena na jiko la bati alilotengeneza kwa mikono yake, akampa. Mwanamume mwingine angeishia hapo, asubiri ashukuriwe. Huyu Jumapili yake karudi. "Nimekuja kuangalia kama linawaka vizuri." Linawaka. Jumapili nyingine: "Nilihisi mlango wake utalegea." Haujalegea. Jumapili nyingine tena, kaja na koleo na hana hata sababu. Baba yake Rose akamuuliza bintiye, "Hili jiko lina ugonjwa gani usiopona?" Walifunga ndoa takatifu Mgeta, tarehe 6 Septemba 1986, wakajaliwa watoto wanne. Jiko lile bado lipo. Chai mliyokunywa asubuhi hii imechemkia hapo.

Sasa kazi. Kiwanda kilipopunguza watu mwaka 1995, marehemu na Abeid walitoka na masanduku yao ya vifaa, wakafungua karakana Mwembesongo. Walianza na milango na madirisha ya vyuma, wakaingia kwenye matoroli, na mwaka 2005 wakatengeneza kitu kilichowapa jina mpaka Matombo huko: kaushio. Kwa wageni mliotoka mbali, kaushio ni sanduku kubwa la bati, refu kuliko mtu, lina trei za wavu ndani, tanuri la kuni pembeni, bomba la kutoa moshi, na feni ya sola inayosukuma hewa ya moto. Upande huu wa mlima mvua haiulizi ni mwezi gani. Ukianika karafuu au pilipili manga chini, hujakaa sawa unakimbizana na turubai. Zikiloa mara mbili zinaota kuvu, na mnunuzi anakutazama kana kwamba umemletea matope. Kwa hiyo makaushio yalinunuliwa kwelikweli. Karakana ikajaa oda, vijana wakaajiriwa, na marehemu akapanda ngazi mwenyewe kuandika ukutani kwa rangi nyekundu, kwa imla yake ile ile: UKINUNUWA UMENUNUWA. Yaani likishatoka getini si letu tena. Likipata shida, hiyo ni shida yako na kaushio lako. Msimshangae, ndivyo kila karakana ya mji ule ilivyokuwa inafanya, na nyingi bado.

Mteja wake wa kwanza kabisa alikuwa Mzee Oscar, mkulima wa karafuu hapo ng'ambo ya bonde. Mzee Oscar alifariki mwaka 2014. Marehemu hakuwahi mazishi, akaja baadaye kuhani, na kwa kuwa yeye ni yeye, akaja na kitasa kipya cha mlango wa kaushio mfukoni. Baada ya kutoa pole akauliza, kaushio liko wapi nilifunge kitasa? Akaambiwa, limegawanywa.

Mnaijua mila yetu. Siku ya kuanua tanga vitu vya marehemu hugawiwa wapwa zake, na kila mpwa lazima aondoke na chake mkononi, asibaki wa kununa. Kaushio lilikuwa moja na wapwa walikuwa watano. Basi wakalifungua boliti.

Wakamtembeza nyumba kwa nyumba kumwonyesha, tena kwa furaha. Wa kwanza alikuwa ameufunga ule mlango kwenye banda la kuku, na kuku walikuwa salama sana. Wa pili alipata trei, amezifanya kichanja cha vyombo. Wa tatu alipata bomba, liko jikoni kwa mkewe, linavuta moshi vizuri kuliko lilivyowahi kuvuta kwenye kaushio. Wa nne alipata tanuri, anachomea mahindi. Wa tano, mdogo wao, alipata feni. Ilikuwa sebuleni juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, haijaungwa na waya wowote. Akakiondoa kitambaa taratibu: "Hii ndiyo ya mjomba. Naitunza."

Marehemu alikuwa akisema kwamba hajawahi kuona kazi yake ikiheshimiwa namna ile, na hajawahi kutaka kulia namna ile. Amgombeze nani? Hakuna aliyekosea. Kitu kilikuwa chao, wamegawana kwa haki. Akatoka nje kuaga. Mvua ikaanza, na wale wapwa watano na wake zao wote wakatimka mbio kuelekea barabarani kuanua karafuu walizokuwa wameanika kwenye mikeka. Naye akakimbia nao. Alirudi mjini ameloa mpaka soksi, na kitasa bado mfukoni.

Nilikuwepo jioni aliyoyatoa moyoni, nilikuwa nimekwenda kuwasalimia. Tunakula. Akasema, hakuwa anamwambia mtu, "Mimi nimewauzia bati. Wale watu walikuwa wanataka karafuu kavu." Mama Rose hakuacha hata kupakua mchuzi. Akamjibu, "Ndiyo unagundua leo? Mimi mbona hukuniletea jiko ukaondoka?" Mjomba akaweka kijiko chini. Nilidhani ameudhika. Kumbe mtu ameshaanza kutengeneza kiwanda kipya kichwani.

Kesho yake alikusanya watu wa karakana akawaambia kwamba kuanzia siku hiyo hawauzi kaushio hata moja. Watayatengeneza, watayapandisha mlimani, watayafunga, watayatunza, na yataendelea kuwa yao. Mkulima ataleta mzigo mbichi, ataondoka na mzigo mkavu, na atalipia ukavu tu. Mzigo usipokauka, halipi. Mzee Abeid anikosoe kama nadanganya, lakini neno lake la kwanza lilikuwa, "Thobias, umelogwa?" La pili: "Kiwanda kinachogoma kuuza ni kiwanda cha wapi hicho?" Vijana wawili waliaga wiki hiyo hiyo. Watu wa mitaa ya jirani wakawa wanapita na kuchungulia getini kumwangalia fundi aliyechanganyikiwa. Wateja wenye oda waliudhika pia, na walikuwa na haki. Mtu anataka chake, akipake rangi anayotaka, kikae uani wageni wakione. Kumwambia mtu mzima kwamba hiki hakitakuwa chako, tutakuja kukufanyia, ni kama kumwambia ataishi kwa kuazima.

Aliyekubali kwanza ni mama mmoja tu, Mwanvita wa Mkuyuni, ambaye hapa hahitaji kutambulishwa. Hata yeye hakukubali, alimjaribu. Alimwambia, "Kelele zako sizitaki. Nikaushie, nione." Marehemu akafunga kaushio kando ya uwanja wake, akawasha kuni, akapakia karafuu. Na hapo ndipo lilipomkuta. Miaka yote ile alikuwa ametengeneza makaushio na hajawahi kukausha hata punje moja kwa mkono wake. Hakujua kwamba upepo wa bonde lile hugeuka mchana ukapanda. Moshi uliotoka bombani ukarudi, feni ikaufyonza, ukapita kwenye kila trei. Karafuu zilitoka kavu vizuri kabisa, na zinanuka kama samaki wa kubanika.

Mwanvita alichota kiganja, akanusa, akamwekea puani. "Fundi, hii ni karafuu au kambale?"

Zamani angemwonyesha ukuta wa karakana. Ukinunua umenunua. Lakini safari hii hakuna aliyenunua kitu. Kaushio lake, moshi wake, hasara yake. Alimrudishia Mwanvita karafuu nyingine nzuri, mfuko kwa mfuko, zile za moshi akarudi nazo Mwembesongo. Mama Rose alizitia kwenye pilau mpaka tukazikinai, na jirani mmoja aliwahi kuomba siri ya pilau lile.

Baada ya hapo kazi yake ilibadilika kuliko ilivyobadilika katika miaka yote ya nyuma. Bomba aliliinua na kuligeuza. Bati jembamba aliliacha kabisa, kwa sababu sasa likitoboka ni yeye atakayepanda mlima kuliziba. Boliti zote alizifanya za saizi moja, ili spana moja tu ifungue kila kitu hata ikishikwa na bibi yangu. Kila kijiji akafundisha mtu wake wa kuwasha na kupakia, na kila mwezi yeye au Abeid alipita kugonga bati, kusikiliza feni na kunywa chai. Akawa anajua karafuu za Kinole zina maji kuliko za hapa, na pilipili ya kule juu haitaki haraka. Abeid alimuuliza siku moja, na wote wawili walipenda sana kuyarudia maneno haya: "Thobias, tukitengeneza vitu visivyoharibika, tutakula nini?" Akamjibu, "Tutakula kwa kuwa haviharibiki, ndugu yangu. Kikisimama, na sisi tumesimama."

Ilichukua muda. Yapo masika ambayo Mama Rose alilisha nyumba kwa bustani yake ya mchicha na hakufungua mdomo kulalamika, na mimi nilimfungulia yeye wangu: "Mjomba, uza hata mawili basi!" Akanicheka. Mwaka uliofuata Kinole wakamwita, halafu Matombo, halafu vijiji ambavyo hakuvijua kwa majina. Wale vijana wawili walirudi, akawapokea bila neno. Ukutani akafuta maandishi ya zamani akaandika neno moja: TUNAKAUSHA. Safari hii imla haikuwa na pa kumshinda.

Kama hamkumwona marehemu uwanjani pa Mwanvita mzigo unatoka, hamjamwona. Alikuwa mkali, mnajua. Mtu akipakia trei bila kusambaza vizuri alimwita kwa jina lake la ubatizo na la babu yake. Lakini karafuu kavu zikimwagwa kwenye turubai, akina mama wakizichota na kuzisikiliza zinavyolia mkononi, alisimama pembeni ameshika kiuno, anatabasamu peke yake. Nilimuuliza, mbona hukuwa na uso huu ulipokuwa unauza? Akaniambia, "Nilipokuwa nauza nilikuwa namwona mteja mgongo."

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu. Aliambiwa apumzike, akapumzika kwa maana yake yeye, yaani alipanda mlima kwa pikipiki badala ya miguu. Tarehe 9 Septemba mwaka huu alipata kiharusi akiwa karakana. Kilimchukua mkono wa kulia na kikamchukua maneno. Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Morogoro waliomhudumia kwa upendo mkubwa, na vijana wa karakana waliopokezana kumgeuza na kumwogesha kama baba yao. Kila alasiri Mwanvita alipiga simu kutoka Mkuyuni, akaiweka karibu na feni ya kaushio, nasi tukaiweka sikioni kwa mgonjwa. Alisikiliza amefumba macho, kisha akainua kidole gumba cha kushoto. Siku moja hakukiinua. Alikunja uso akaukunjua, akaukunja tena, mpaka Abeid akaelewa, akapanda Mkuyuni. Alikuta feni inagusa kava. Ilikuwa kitu kidogo tu, lakini jioni ile kidole kiliinuliwa na chumba kizima tukashangilia kama tumefunga goli.

Jumanne, tarehe 3 Desemba 2024, asubuhi, Mama Rose akiwa amemshika mkono, Thobias alituacha. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita.

Na kabla hajatuacha hakusema. Hapo ndipo palipotuuma sisi wa nyumbani. Alipokuwa mzima tulimuuliza mara nyingi, Mjomba, haya makaushio yote ni yako kwa jina lako, siku ukiondoka? Alijibu, "Tutaongea." Kisha kiharusi kikaja. Mtu aliyeacha kuuza ili kaushio lisije likagawanywa tena, amekufa akiwa mwenye makaushio yote ya mlima huu. Na mila ni ile ile.

Juzi Alhamisi ukoo ulikaa. Nyumba ya Mwembesongo ni ya Mama Rose na watoto, hilo halikuwa na mjadala. Lakini makaushio yako huku, kwenye ardhi ya upande wa mama, na Mjomba Rehani, mdogo wake Bibi Yustina na mkubwa wetu sote, alisema wazi: yanafuata wapwa. "Siwezi kuruka mila kwa ajili ya bati. Wapwa mko sita. Siku ya kuanua tanga kila mmoja aondoke na yake." Mmoja wetu alishaanza kuulizia bei ya chuma chakavu. Simtaji, anajijua, ndiyo maana anaangalia viatu. Mwingine alitaka kupeleka ya kwake Dar. Nami, mwalimu mzima, sikumbishia, kwa sababu Mjomba Rehani hakuwa anakosea. Niliiona ile feni juu ya kabati na kitambaa chake cha kufuma.

Akina mama wa Mkuyuni walikuwa wamekaa uani wanamenya ndizi. Mjomba Rehani, kama mila inavyotaka kabla ya kugawa chochote, akapaza sauti: "Kuna anayemdai marehemu?"

Mwanvita akaweka kisu chini, akajifuta mikono kwenye kanga, akasogea mlangoni. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba."

"Mimi namdai."

Mjomba Rehani akashtuka kidogo. "Unamdai nini?"

"Karafuu kavu."

"Alichukua karafuu zako?"

"Hakuchukua. Aliniahidi kwamba atanikaushia, mimi na watakaonifuata, maadamu mikarafuu inazaa. Kwa ahadi hiyo nilipanda mingine. Shamba lote lile la juu nililipanda kwa ajili ya neno lake. Mikarafuu inazaa, Mzee. Yeye amelala." Akageuka akatazama uani. "Na si mimi peke yangu."

Wale wanawake wakasimama mmoja mmoja, visu mkononi na maganda ya ndizi miguuni. Wengine hata siwajui. Wametoka Kinole, wametoka Matombo. Mama yangu akaanza kulia.

Mjomba Rehani akawatazama wale wanawake mmoja mmoja. Kisha akasema, nami nayasoma kama alivyoyasema: "Mwislamu, Mkristo, Mluguru, wote tunajua hili. Deni la marehemu hulipwa kwanza, ndipo warithi waguse kitu. Na deni hili linalipwa kwa makaushio yanayowaka. Kwa hiyo hayaguswi, mpaka deni liishe." Akamgeukia Mwanvita. "Mikarafuu yako itazaa mpaka lini?"

"Ile ya baba yangu bado inazaa, Mzee."

"Haya. Mmesikia, wapwa. Subirini."

Mzee Abeid alicheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne, akacheka mpaka akahitaji maji.

Kwa hiyo jibu lenu ndilo hilo. Lakini mila haikuvunjwa, maana Mjomba Rehani alisisitiza kila mpwa aondoke na chake mkononi, na tumeondoka nacho. Tumegawana deni. Kila mmoja wetu amepewa vijiji vyake vya kukaushia, kupita kila mwezi, kugonga bati na kusikiliza feni. Huyu wa chuma chakavu amepewa Kinole, na watu wa Kinole nawaomba mumpokee, ana mikono mizuri akichungwa. Mimi nimepewa Mkuyuni, yaani nimempata Mwanvita, Mungu anisaidie. Mzee Abeid anaendelea kusimamia karakana, na spana ya marehemu iko mfukoni mwake, ndiyo maana hataki kukaa.

Marehemu ameacha mke, Mama Rose; watoto wanne, Joseph, Yustina, Allen na Kasiani; wajukuu saba; dada yake Chausiku; mjomba wake Rehani; wapwa sita wenye kazi; rafiki yake Abeid; vijana wa karakana ya Mwembesongo; na makaushio yote, ambayo yanawaka sasa hivi. Vijana waliuliza kama wayazime leo kwa heshima ya msiba. Mama Rose akawaambia, "Mkizima na mvua hii, Thobias atatoka humo kwenye jeneza aje mwenyewe." Upepo ukipanda kidogo mtasikia harufu. Ni karafuu tu, hakuna moshi.

Na kama ilivyo desturi, familia inatangaza: yeyote aliyekuwa anamdai marehemu aonane nasi. Ila ninyi wa karafuu na pilipili msijipange foleni hapa kaburini. Tunawajua. Leteni mzigo Jumatatu.

Mjomba, tumeanua. Lala kwa amani mikononi mwa Bwana, mvua isikusumbue tena.